Hodi za Pampu Namba Tatu

Tusekile aliweka ncha ya nondo ya chuma juu ya beringi ya pampu, akaegemeza sikio kwenye ncha ya pili, akafumba macho. Ilikuwa saa moja asubuhi na tayari alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka kwa kulala.

Ndani ya chuma kokoto zilikuwa zinasagwa. Hazikuwa kokoto za kweli. Ziwa Nyasa lilikuwa limeshuka mita nne tangu mvua zikatike, na pampu sasa ililazimika kuyavuta maji kutoka chini sana. Maji yakivutwa kupita kiasi huchemka yakiwa baridi, yakatoa viputo vidogo kama vya soda. Viputo hivyo vikisukumwa mbele hupasuka juu ya chuma, na kila kimoja hupiga kama nyundo isiyozidi punje ya ulezi. Nyundo hizo zilikuwa maelfu, kila sekunde, usiku na mchana, kwa miezi saba.

"Inasemaje leo?" Fundi Mwalyego alipaza sauti. Miaka thelathini ya kelele za mashine ilikuwa imeyala masikio yake, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Inatafuna, Fundi."

"Kama mkwe wangu. Naye hashibi."

Tusekile alitaka kucheka. Kabla hajacheka, nondo ikamgonga sikioni.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alifumbua macho. Mwalyego alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Hakukuwa na mtu mwingine ukumbini. Pampu namba moja na namba mbili zilikuwa zimelala kimya, magamba yake ya nje yamefunuliwa, maana mapanga yake ya kusukumia maji, ya chuma cha kusubu kilichomiminwa kalibuni, yalikuwa yameshaliwa yakabaki kama masega ya nyuki.

"Fundi, umegonga kitu?"

"Eh?"

"Umegonga?"

"Nigonge nini, binti, na mimi nakunywa chai?"

Akarudisha sikio. Kokoto, kokoto, kokoto. Kisha tena, mara tatu, polepole, kwa nafasi zilezile anazoacha mtu mwenye adabu mlangoni.

Ukutani, juu ya swichi kubwa, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu yaliyopakwa kwa mkono: KABLA YA KUWASHA, BISHA MARA TATU. UKIJIBIWA KUTOKA NDANI, USIWASHE. Aliyeyaandika ni Mwalyego mwenyewe, wiki moja baada ya kumzika Ambakisye, mwenzake wa zamu, aliyekuwa ndani ya pampu akikwangua kutu siku mtu mwingine alipowasha. Tangu hapo hakuna aliyeingia kituoni akaidharau ile sheria. Aliye nje hubisha kwa spana mara tatu. Aliye ndani hujibu mara tatu. Na aliye ndani hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huuvaa shingoni.

Kwa miaka minne aliyeingia ndani alikuwa Tusekile peke yake.

"Nataka kuisimamisha," alisema.

"Injinia atatupigia kelele."

"Dakika arobaini tu, Fundi."

Mwalyego alimtazama usoni, akaona kitu, akaweka kikombe chini.

*

Aliingia kwa tundu la bomba la kuvutia maji, kwa tumbo, taa kichwani, ufunguo ukimkwaruza kifuani. Mbele yake likatokea lile gurudumu la mapanga matano ambalo mafundi huliita impela, refu kumshinda yeye aliyepiga magoti. Juu ya chuma, kuanzia kitovuni hadi kwenye makali, ilitanda ngozi.

Ilikuwa ya kijivu, laini, yenye utelezi. Waliotengeneza ngozi ile waliianza kwa chembe za kambale, kwa sababu kambale hana magamba na kidonda chake hufunga upesi. Walikuwa wameshajaribu kila kitu kingine: chuma kigumu zaidi, rangi, mpira, gundi ya unga wa kauri. Chuma cha kusubu kina kaboni ndani yake, vipande vyembamba kama majani ya chai, na viputo huanza kutafuna hapohapo penye jani. Ukikipaka utando, utando nao hutobolewa. Ngozi hai hutobolewa vilevile, ila yenyewe hupona. Kitabu cha maelekezo kilisema mishipa ya fahamu imeondolewa tangu mwanzo, ngozi haiwezi kuhisi lolote. Kilisema pia: uji wa kuilisha, kikombe kimoja kwa wiki, usizidishe.

Mwalyego alibisha kutoka nje. Ngo, ngo, ngo. Tusekile akainua spana kujibu, na kabla haijagusa chuma, ngozi yote ikajivuta kwa pamoja, ikaachia, ikagonga. Mara tatu.

Akabaki ameshikilia spana hewani. Maji yalidondoka mgongoni mwake.

"Tuse! Umejibu mapema leo!" sauti ya Mwalyego iliingia kwa mbali.

Aliisogeza taa. Kwenye makali ya mapanga, kule viputo vinakopiga zaidi, ngozi ilikuwa imerudi nyuma, upana wa vidole viwili, ikaacha chuma kitupu chenye vishimo. Haikuchanika. Ilikuwa imejikusanya, kama mtu anavyoondoa mguu kwenye maji ya moto. Akachukua kiwembe akate kipande kidogo cha kupima, kama alivyofanya kila mwezi. Kiwembe kilipogusa, sehemu ile ikatetemeka, na mtetemo ukasambaa hadi panga la tano.

"Samahani," alinong'ona. Akaona aibu kwa kuomba radhi, kisha akaomba tena.

Chini ya hadubini, kwenye meza yake ndogo kando ya dirisha, aliona nyuzi. Nyeupe, nyembamba, zimetandaa kama mizizi ya muhogo mchanga. Hakuhitaji kitabu kujua ni nini.

Akakumbuka mwezi wa pili. Pampu mbili zilikuwa zimekufa, ya tatu ikabaki kubeba mji wote, na kila alipoingia alikuta ngozi imechubuka kuliko mara iliyopita. Aliihurumia. Akaongeza kikombe cha pili cha uji, kisha cha tatu, bila kumwambia mtu, kama mtu anayemwongezea mgonjwa kipande cha nyama. Ilipona haraka kweli. Akafurahi. Kumbe uji uliofunga vidonda ulikuwa ukiotesha na mishipa.

Na ngozi ile iliyoota mishipa gizani ilijifunza jambo moja tu la dunia: kwamba zikisikika hodi tatu, na zikajibiwa tatu, maumivu husimama.

*

Injinia Hidaya, mkuu wa kituo, alikuwa amevua viatu na kutumbukiza miguu iliyovimba kwenye beseni. Wiki ya tatu hiyo alikuwa akilala kwenye godoro ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Sema kwa sauti, Tuse. Uji. Umesema vikombe vingapi?"

"Vitatu, Injinia."

"Tangu mwezi wa pili."

"Ndiyo. Kosa ni langu."

"Kosa tutalizungumza nikipata muda wa hasira. Sasa hivi sina." Alifuta uso kwa kanga aliyoitundika kitini. "Dawa ya ganzi ipo?"

"Ipo chupa nne. Lakini ikifa ganzi haiponi tena. Tangu iote, mishipa ndiyo inayoiambia ipone wapi. Nimepiga hesabu, ikipata ganzi na tukiendelea kwa mwendo huu, chuma kitabaki kitupu ndani ya siku ishirini."

"Na impela mpya?"

"Kiwanda kinasema siku sitini na tano."

"Kwa hiyo isipopewa ganzi itatufikisha."

"Itatufikisha," alisema Tusekile, "ikiwa inaumia kila dakika ya siku zote hizo."

Injinia Hidaya aligeuza macho nje. Dirishani mlima ulionekana wote, bomba jeusi likipanda hadi mji wa Isalika, matangi mawili yaking'aa, moja katikati ya mteremko na jingine kileleni.

"Wewe ulikuwa chuoni mwaka ule maji yalipokatika," alisema. "Siku kumi na mbili. Watu wakachota bondeni. Kipindupindu kilichukua thelathini na mmoja, na mimi nilikwenda kwenye kila msiba, Tuse, kwa sababu nilijiona kama niliyefunga koki. Sasa unaniambia kuhusu ngozi ya kambale."

"Ndiyo."

"Huna hakika inahisi."

"Imenibishia hodi, Injinia."

"Mbwa wa jirani yangu naye hukuna mlango. Washeni pampu. Tangi la juu lina maji ya siku moja na nusu tu."

Alikuwa hajakasirika. Hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi. Angekasirika ingekuwa rahisi. Alisimama, akaushika ufunguo kifuani, akabaki hapohapo.

"Kufuli ni langu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Naweza kuagiza likatwe."

"Unaweza. Ila sheria ni tubishe kwanza. Naomba uje usikilize, basi. Nami nitafungua."

Injinia Hidaya alitoa miguu kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, akitafuta ndara zake kwa vidole.

*

Mwalyego hakutumia sikio. Aliuma ncha ya nondo kwa magego, kama afanyavyo tangu masikio yalipomtupa mkono, sauti ikampandia kwa mfupa wa taya. Kwa mkono wa kulia akashika spana. Akatazama swichi, akatazama kufuli jekundu la Tusekile likining'inia, akabisha.

Ngo. Ngo. Ngo.

Tundu la kuingilia lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya tope. Wote watatu walikuwa nje, wakionana.

Jibu lilikuja. Halikuwa kubwa, lakini halikuhitaji nondo.

"Nani yumo humo?" Injinia Hidaya aliuliza kwa ukali, akageuka kuhesabu watu, na alipomaliza kuhesabu akafunga mdomo.

Mwalyego aliitoa nondo kinywani polepole. Mate yalimchuruzika, hakuyafuta.

"Ambakisye alijibu," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu Tusekile amjue, hakupaza sauti. "Siku ile. Hatukuwa na sheria, lakini mtu akiona tundu limefungwa na mwanga umezimika ndani, si atagonga? Alijibu bila kuulizwa. Aligonga, nikasikia. Nikadhani bomba linapoa. Ni mimi niliyewasha, Injinia. Kila mtu anasema 'mtu mwingine.' Nilikuwa mimi."

Injinia Hidaya alishusha macho, akaanza kusoma maandishi mekundu ukutani kama mtu asiyewahi kuyaona.

"Hayasemi mtu," Tusekile alisema. "Yanasema ukijibiwa."

"Najua yanasema nini." Injinia alikaa juu ya gamba la pampu namba mbili. "Niambie unachotaka. Usiniambie inaumia. Niambie nifanye nini na watu elfu sitini."

Tusekile alikuwa ameliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, maana alijua akisimama mbele ya mtu maneno humkimbia. Alisoma. Aipe ngozi ganzi, panga moja moja, aibandue, aiweke kwenye tangi la maji ya ziwa ambako hakuna kiputo kinachopiga. Kazi ya siku mbili. Kisha apake chuma kitupu gundi ya unga wa kauri kwa mkono, kama zamani. Pampu iende mwendo mdogo, viputo vipungue, maji yafike tangi la chini tu. Watu wa juu na hospitali wapelekewe kwa maboza, magari ya maji.

"Gundi ilidumu siku ngapi kwenye namba mbili?"

"Tisa. Kwa mwendo mdogo labda kumi na mbili."

"Halafu?"

"Halafu tunasimamisha, mtu anaingia, anaziba vishimo, tunawasha. Kisha tena, mpaka impela ije."

"Mtu gani?"

"Mimi."

"Na boza likikwama? Na watu wa juu wakishuka bondeni?"

Tusekile aliufunga mkono.

"Sijui, Injinia."

Injinia Hidaya alikanda kifundo cha mguu. Hatimaye aliinuka, akajishika kiuno.

"Nikiulizwa, sijaagiza kufuli likatwe. Ndicho kitu pekee nilichofanya leo." Akaelekea mlangoni, akasimama. "Maboza nitayatafuta mimi. Wewe utatangaza. Redio ya mji, saa saba, kabla ya taarifa ya habari. Na usiseme umeme. Watu wamechoka kuambiwa umeme."

*

Alitangaza. Alisema kwa sentensi nne alizozisoma bila kuinua kichwa, na akapunguza mwendo kwenye neno "inaumia." Hazikupita dakika tano simu yake ikaita. Mama yake alikaa mtaa wa juu kabisa, nyuma ya tangi.

"Tuse, ni wewe niliyekusikia?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Lwitiko hapa anacheka mpaka amekaa chini. Anasema sasa hata pampu zina likizo ya ugonjwa."

"Ni siku mbili, mama. Halafu maboza yatakuja mpaka kwenye—"

"Boza litasimama pale shuleni. Nimekwisha kuambiwa. Kutoka shuleni mpaka hapa ni ngazi mia na tisa, nazijua moja moja." Mama alivuta pumzi. "Magoti yangu nayo yanauma, mwanangu. Nani amefunga kufuli kwa ajili yake?"

Tusekile aliegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa baridi. Mama alisikika akihema na Mama Lwitiko akiendelea kucheka huko nyuma.

"Hakuna, mama," alisema mwishowe.

"Haya. Nilitaka tu ulisikie na hilo. Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika sikioni, kama nondo, akisikiliza kisichosema kitu. Hakuwa na hakika kwamba alikuwa ametenda haki. Alichojua ni kwamba sasa walioumia kwa uamuzi wake walikuwa na majina, na mmoja wao alikuwa mama yake, na kwamba walau huyo angeweza kumpigia simu akamwambia.

Akala kiporo cha wali akiwa amesimama. Akachukua chupa za ganzi, kisu cha mfupa, na beseni lile alilokuwa akitumbukizia miguu Injinia, ambalo mtu alikuwa amelisugua na kuliacha mlangoni bila maelezo.

*

Ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa amemaliza mapanga mawili. Ngozi ilibanduka kwa vipande vizito, vilivyolegea, na kila kipande alikipokea kwa mikono miwili akakilaza majini. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, chenye vishimo vingi kuliko alivyodhania. Siku tisa, alifikiri akikipapasa. Kama gundi itashika. Mgongo ulimwaka. Magoti pia, na alipoyahisi alikumbuka ngazi mia na tisa, akasita kidogo kabla ya kusogea kwenye panga la tatu.

Mapanga matatu yalibaki, hayajaonja ganzi. Aliweka kiganja juu ya la tatu. Lilikuwa na uvuguvugu hafifu, au ni mkono wake tu.

Nje Mwalyego alikuwa anamaliza zamu. Hakuna mtu angewasha pampu. Kufuli lilikuwa palepale na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Hata hivyo mzee hakuweza kuondoka bila kufanya alichokuwa amekifanya kila jioni kwa miaka kumi na tisa, tangu msiba wa Ambakisye. Spana ikagonga gamba.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chini ya kiganja cha Tusekile ngozi ilijivuta, ikaachia, ikajibu. Mara tatu, dhaifu kuliko asubuhi, maana ilikuwa imepungua.

Alisubiri imalize. Kisha naye akainua spana yake, akabisha mara tatu, ili Mwalyego ajue kwamba humo ndani wako wawili.